Grenada, kisiwa kilicholiandika neno kimbunga kwenye mkataba wa deni

Ukimtajia mtu wa kwetu Grenada unapata majibu mawili. Wapo wanaodhani unaongelea Granada ya Hispania, ile ya Waislamu wa Andalusia, na wapo wazee waliokuwa na redio mwaka 1983 ambao watakwambia aa, si kile kisiwa rais Reagan wa Marekani alikivamia, basi, stori inaishia hapo. Mi naona tunapitwa na kitu kikubwa sana, maana kama kuna nchi moja duniani ambayo mtu wa Unguja na Pemba akiitazama atajiona mwenyewe ni hii, na kama kuna jambo ambalo nchi ndogo zenye madeni zinatakiwa zilisome kwa makini miaka hii basi Grenada ndo wamelifanya, tena wamelifanya wakiwa wameshaangushwa chini zaidi ya mara moja.

Nianze na ramani. Grenada ipo karibu na mwisho kabisa, upande wa kusini, wa ule mnyororo wa visiwa vidogo vya mashariki ya Karibiani, nyuzi 12 kaskazini ya ikweta, ukishuka kidogo unakutana na Trinidad afu Venezuela. Nchi nzima, yani Grenada yenyewe na visiwa vyake vidogo Carriacou na Petite Martinique, ni kama kilomita za mraba 344. Pemba peke yake inaingiza Grenada karibu tatu. Na watu wao hawafiki laki moja na nusu, wakati Pemba sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya laki tano. Kisiwa kimezaliwa na volkano, katikati ni milima, Mount St. Catherine ina mita 840, na kuna ziwa linaitwa Grand Etang limekaa ndani ya shimo la volkano ya zamani juu huko msituni. Na moto haujafa wote, kilomita kama 8 kaskazini ya kisiwa iko volkano nyingine chini ya bahari, Kick 'em Jenny, watu waliijua 1939 ilipolipuka na tangu hapo imesharudia mara kadhaa, ikichachamaa meli zinaambiwa zikae mbali.

Sasa angalia bendera yao. Kuna nyota, kuna nyekundu, njano na kijani, na pembeni upande wa mlingoti kuna kungumanga. Kungumanga kabisa, tunda limepasuka, kokwa inachungulia imevaa basibasi yake, ule utando mwekundu. Watu waliotoka ukoloni tarehe 7 Februari 1974 walipokaa kuchagua alama ya kuwaambia walimwengu sisi ni nani wakaweka kiungo cha pilau, na mimi niliyekulia kwenye nyumba ambayo msimu wa karafuu hata sebuleni hupiti kwa majamvi, nilipoiona bendera ile mara ya kwanza nilisimama. Hawa ni ndugu.

Ila kuna tofauti moja ambayo bila kuielewa huwezi kuielewa Grenada, nayo ni lini kiungo kilifika na nani alikipanda. Karafuu ya kwetu ilipandwa karne ya 19 na watumwa kwenye mashamba ya wenye nguvu, tukubali tu, historia ndo hiyo. Grenada watumwa walilimishwa miwa, kahawa, kakao na pamba, kungumanga imefika 1843, yani miaka mitano baada ya watumwa kuwa huru kabisa 1838. Miwa inataka shamba kubwa, kinu, na mamia ya watu wa kuamrishwa. Kungumanga haitaki hivo, inataka mteremko wa mlima wenye unyevu na mtu mwenye subira, unaweza ukawa na miti kumi nyuma ya nyumba pamoja na ndizi na mashelisheli na bado ukauza. Wala hupandi juu ya mti. Tunda likiiva linapasuka na kokwa inaanguka yenyewe, unaokota chini, unabandua basibasi unaianika mbali, kokwa unapeleka kituoni. Sisi kila msimu wa mchumo kuna mtu ameanguka kwenye mkarafuu kavunjika, kwao bibi wa miaka 70 anaokota kungumanga zake taratibu na kikapu. Kwa hiyo likawa zao la watu waliotoka utumwani, la mkulima mdogo mwenye kipande chake.

Na 1947 wakulima hao wakawa na chama chao cha ushirika, GCNA, ambacho kwa miaka mingi ndo kilikuwa mnunuzi na muuzaji pekee wa kungumanga nje. Kwetu pia karafuu ina mlango mmoja, ZSTC, lakini ZSTC ni ya serikali na GCNA ni ya wakulima wenyewe, mkulima analipwa kidogo akileta mzigo na mwisho wa mwaka kama biashara imekwenda vizuri anaongezewa. Pale Gouyave, mji wa wavuvi upande wa magharibi, kuna kituo chao cha zamani, kungumanga zinakaushwa wiki kadhaa kwenye trei za mbao ghorofa juu ya ghorofa, halafu zinamwagwa kwenye maji, zinazozama ni nzito zina mafuta zinakwenda kuwa kiungo, zinazoelea zinatengwa. Kabla ya 2004 nchi hii ndogo ilikuwa ya pili duniani kwa kungumanga, nyuma ya Indonesia tu. Fikiria ukubwa wa Indonesia.

Kabla sijafika 2004 lazima nipite kwenye damu, kwa haraka kidogo maana ni nyingi.

Wenyeji wa kwanza ambao tunawakuta kwenye maandishi ni Wakalinago, wale Wazungu waliowaita Wakaribi, na bahari nzima ikabeba jina lao. Wafaransa walihamia kutoka Martinique katikati ya karne ya 17, wakaanza kwa zawadi za visu na shanga wakamalizia kwa bunduki, na 1651 kundi la mwisho lililobanwa kaskazini ya kisiwa likajirusha kutoka kwenye jabali hadi baharini, simulizi inasema watu kama 40, hawakutaka kukamatwa. Mji uliopo pale mpaka leo unaitwa Sauteurs, kwa Kifaransa maana yake warukaji. Watoto wanasoma shule, watu wanauza samaki, jina la mji ni hilo.

Uingereza ikakichukua kisiwa 1763, Wafaransa wakakirudisha kwa vita 1779, Waingereza wakakipata tena 1783. Halafu 1795 akatokea Julien Fedon, mtu huru mwenye damu ya Kiafrika na Kifaransa, mwenye shamba lake Belvedere huko milimani, akaligeuza kambi ya vita. Ilikuwa ni miaka ileile Haiti inawaka. Maelfu ya watumwa wakajiunga, kwa zaidi ya mwaka mmoja Waingereza wakabaki wameshikilia mji mkuu St. George's na sehemu chache tu, gavana wao Ninian Home akakamatwa akauawa pamoja na mateka wengine. Juni 1796 jeshi kubwa likaletwa, kambi ikavunjwa, waliokamatwa wakanyongwa. Fedon mwenyewe hakuonekana tena. Hakuna kaburi, hakuna mwili, wapo wanaoamini alizama kwenye mtumbwi akijaribu kuvuka kwenda Trinidad. Hili la mwili kutokuonekana likumbuke, linarudi.

Maana Oktoba 1983 linatokea tena. Chama cha New Jewel Movement kilichukua nchi tarehe 13 Machi 1979 wakati waziri mkuu Eric Gairy yuko New York, na Maurice Bishop akawa kiongozi, kijana mwanasheria, mrefu, mwenye sauti. Miaka minne na nusu ile mi naiangalia kwa pande zote. Walifundisha watu wazima kusoma, wakatunga sheria ya likizo ya uzazi yenye malipo, sekondari ikawa bure, wakaanza kujenga uwanja mkubwa wa ndege pale Point Salines kwa msaada wa Wacuba. Pia hawakuitisha uchaguzi hata mmoja, na watu waliwekwa ndani bila kesi. Vyote viwili ni kweli na mtu anayekupa kimoja tu anakudanganya. Mwishowe wakagawanyika wenyewe kwa wenyewe, upande wa naibu wake Bernard Coard ukamfungia Bishop nyumbani kwake, tarehe 19 Oktoba umati ukaenda ukamtoa, wakapanda nae ngomeni Fort Rupert, wanajeshi wakaja, Bishop na mawaziri wake kadhaa akiwemo Jacqueline Creft aliyekuwa waziri wa elimu wakasimamishwa ukutani wakapigwa risasi. Miili yao mpaka leo familia hazijakabidhiwa.

Siku sita baadae Marekani ikaingia na maelfu ya askari. Sababu iliyotolewa ni wanafunzi wa Kimarekani waliokuwa wanasoma udaktari chuo cha St. George's. Lakini Machi mwaka huohuo Reagan alishasema hadharani kwamba kinachogombewa kule si kungumanga, ni usalama wa Marekani, na ule uwanja wa ndege aliuona ni kambi ya Wasovieti. Hospitali ya wagonjwa wa akili ilipigwa bomu kimakosa, wakafa wagonjwa 18. Kule Umoja wa Mataifa, Guyana, Nicaragua na Zimbabwe walipeleka azimio Baraza la Usalama, Marekani ikaweka veto, na kati ya nchi tatu zilizojizuia kupiga kura mojawapo ilikuwa Zaire ya Mobutu, wanaosoma kutoka Lubumbashi na Goma mtaelewa. Baraza Kuu likapiga kura Novemba, nchi 108 zikalaani, 9 zikapinga. Haikubadilisha kitu.

Na kitu ambacho watu wa nje hawakipati vizuri, Wagrenada wenyewe wengi waliwapokea Wamarekani kwa furaha. Walikuwa wametoka kuwekewa amri ya kutotoka nje saa ishirini na nne, ukitoka unapigwa risasi, kiongozi wao kauawa, mtu wa namna hiyo akija mwenye bunduki kubwa zaidi anayemfukuza mwenye bunduki wa kwanza unashukuru. Tarehe 25 Oktoba mpaka leo ni sikukuu ya kutoa shukrani. Ila uwanja ule ule wa Point Salines uliomaliziwa baada ya uvamizi, tangu 2009 unaitwa Maurice Bishop. Na kuanzia 2023 tarehe 19 Oktoba nayo ni mapumziko, siku ya mashujaa. Ndani ya wiki moja nchi inaomboleza waliouawa na inashukuru kwa kilichofuata, na mi siwaoni kama wamechanganyikiwa, naona wamekataa kuchaguliwa na watu wa mbali kipi wakikumbuke.

Sasa 2004.

Grenada watu walikuwa wameshajizoesha kuamini kwamba wao wako kusini mno, njia ya vimbunga inapita kaskazini yao. Kimbunga Janet kilipiga Septemba 1955, kikaua watu zaidi ya mia moja na kuangusha kungumanga nyingi sana, wakulima wakakimbilia ndizi kwa sababu ndizi inatoa ndani ya mwaka, lakini hiyo ni miaka karibu 50, kizazi kizima kilikuwa hakijaona. Tarehe 7 Septemba 2004 kikaja Ivan. Upepo wa kama kilomita 200 kwa saa. Watu 39 wakafa. Karibu nyumba tisa katika kila kumi zikaharibika, makanisa ya mawe ya St. George's yakabaki kuta bila paa, bunge likabaki gofu, nyumba rasmi ya waziri mkuu ikavunjika, hata gereza la Richmond Hill likabomoka wafungwa wakatoka. Hasara ilihesabiwa zaidi ya mara mbili ya pato la nchi la mwaka mzima. Yani kila mtu angefanya kazi miaka miwili bila kula na bado pengo lisingeziba. Na miezi kumi baadae, Julai 2005, wakiwa bado wanapiga mabati, Emily nayo ikapita.

Lakini kilichouma zaidi ni miti. Sehemu kubwa kabisa ya mikungumanga ililala chini. Na hapa ndo mtu asiyelima viungo haelewi, anafikiri si mtapanda tena. Mkungumanga ukiupanda kwa kokwa unakaa miaka saba hivi kabla ya kukupa chochote, na mpaka uzae kwa nguvu unakwenda miaka 15 hadi 20. Halafu iko dume na jike. Mche mdogo huwezi kuujua ni upi, unaupalilia miaka yote hiyo, siku unatoa maua ndo unagundua dume, hauzai, na dume unahitaji mmoja tu kwenye majike kama kumi, kwa hiyo unakata shoka unaanza upya. Ipo njia ya kupandikiza vikonyo vya mti jike uliothibitika lakini ni kazi ya ufundi na sio kila kikonyo kinashika. Mzee wa miaka 60 aliyepoteza shamba Septemba 2004 alikuwa anaambiwa ajaribu tena akiwa na 67. Wengi wakaacha. Wengine wakahamia kakao ambayo inazaa mapema zaidi, na huko kuna habari njema, chokoleti ya Grenada inatengenezwa palepale kisiwani na inaheshimika.

Sisi tunalijua hili, tumelisahau tu. Aprili 1872 kimbunga kilipiga Unguja, kikang'oa mikarafuu na minazi, inakadiriwa theluthi mbili, meli za Sultan Barghash zikazama palepale Forodhani, Pemba ikaponea kwa kuwa upepo uliipita kando, na ndo sababu mpaka leo ukisema karafuu unasema Pemba. Babu zetu hawakuwa na karafuu nyingi kuliko Unguja kwa sababu ya ujuzi, ni upepo uliamua. Na wenye mashamba Unguja na Pemba waliendelea kuzama kwenye rehani, msimu mbaya unakopa, msimu mzuri unalipa riba, mpaka miaka ya 1930 serikali ya kikoloni ikalazimika kutunga sheria za madeni ya mashamba. Mti unakwenda kwa miaka nane, deni linakwenda kwa miezi, hapo ndo panapovunja watu.

Na hapohapo ndo palipoivunja Grenada kama nchi. Baada ya Ivan wakashindwa kulipa, deni likapangwa upya 2005. Wakakopa tena kujenga, uchumi wa dunia ukatikisika 2008, mwaka 2013 wakashindwa tena. Deni lilikuwa limeshazidi pato lote la taifa. Mara ya pili hii walipokaa na wadai wao wakaweka mezani jambo ambalo mpaka hapo hakuna nchi iliyokuwa imelipata kwenye hati fungani zake za kimataifa, yani hati za mkopo ambazo serikali inawauzia wawekezaji. Walisema tunaomba punguzo, sawa, na nusu ya deni lile ikafutwa, lakini pia tunataka kifungu ndani ya mkataba kinachosema kimbunga kikipiga na hasara ikavuka kiwango fulani, malipo yanasimama. Hatuji kuwapigia magoti, hatuombi kikao, hatuhesabiwi kuwa tumeshindwa kulipa. Yanasimama kwa sababu mkataba umesema. Na ili pasiwe na ubishi wa nani anapima hasara, kipimo kikawa hesabu ya CCRIF, ule mfuko wa bima wa nchi za Karibiani ulioanzishwa 2007, nao ulizaliwa kutokana na machungu ya Ivan. Hiyo ilikuwa 2015.

Nimesoma watu wanakiita kifungu kidogo cha kiufundi. Mi nakataa. Miaka yote mkopo ulikuwa unaandikwa kana kwamba hali ya hewa haipo, mkopaji ndo anabeba upepo wote peke yake, na siku upepo ukija anaonekana mzembe. Grenada wamemlazimisha mkopeshaji akiri kwa maandishi kwamba anajua anakopesha kisiwa kilichopo kwenye njia ya vimbunga. Barbados wakafuata na kifungu chao 2018. Kwa nini mikataba yetu huku, Comoro, Msumbiji iliyopigwa na Idai 2019, Zanzibar yenyewe inapokopa, isiwe na maneno hayo? Waziri wa fedha akienda kusaini mkopo wa barabara ya pwani aulizwe swali hilo bungeni, lina kifungu au halina.

Halafu kikajaribiwa. Tarehe 1 Julai 2024 kimbunga Beryl kikatua Carriacou, upepo wa kama kilomita 240 kwa saa, mwanzoni kabisa wa msimu wakati ambapo kawaida bahari bado haijapata joto la kulea kitu kama hicho. Zaidi ya asilimia 90 ya majengo ya Carriacou na Petite Martinique yakaharibika. Mikoko ya Tyrrel Bay ambayo kila siku mabaharia wanakimbiza vyombo kujificha ikanyonyolewa majani yote, vyombo vikarundikana juu ya vyombo. CCRIF ikatoa zaidi ya dola milioni 40 ndani ya wiki chache. Na Agosti serikali ya Grenada ikakitumia kile kifungu, nchi ya kwanza duniani kufanya hivo, malipo ya hati fungani yakasogezwa mbele ili pesa inunue mabati na mbao. Miaka tisa kifungu kilikaa kwenye karatasi kinasubiri.

Kina mapungufu na sitayaficha. Kusogeza sio kufuta, riba ambayo hukulipa inaongezwa juu ya deni, utaikuta mbele. Na pesa ya nchi kwa sasa inategemea sana watalii, chuo kilekile cha udaktari cha St. George's ambacho kimekuwa mhimili mkubwa wa uchumi, na uuzaji wa uraia ulioanzishwa upya 2013, yani tajiri wa mbali anawekeza anapewa pasipoti. Hilo la mwisho linanisumbua. Nchi ambayo watu walijirusha jabalini kwa ajili ya ardhi yake kuuza pasipoti kwa mtu ambaye hajawahi kukanyaga Gouyave, naelewa hesabu yake baada ya Ivan, lakini linanisumbua, tena wakubwa wa Ulaya wakiamka siku moja wakabana viza biashara hiyo inakufa asubuhi moja kama mti mbele ya upepo.

Carriacou nataka nikae nayo kidogo maana huko ndo Afrika imebaki wazi kuliko sehemu nyingi za Karibiani. Kuna ngoma inaitwa Big Drum, zinapigwa ngoma tatu, na nyimbo zimegawanywa kwa mataifa, wanasema hivohivo mataifa, Cromanti, Igbo, Manding, Temne, Congo na mengine, na familia zilikuwa zinajua kwa upande wa baba wao ni taifa gani. Karne mbili na zaidi baada ya meli. Cromanti wanafungua, na kuna nyimbo za kuomba msamaha wa wazee waliotangulia, watu wanapiga magoti. Na kabla ya kupanda au wakati wa shida wanapika chakula kingi cha umma, wanatenga sahani ya wazee ndani ya nyumba, mezani, hakuna anayeigusa mpaka wakati wake, na sherehe ya kulisha watu namna hiyo wanaiita saraka. Saraka! Neno letu sadaka, lilelile la Kiarabu, limepita Afrika Magharibi midomoni mwa watu walioshikwa, likavuka Atlantiki kwenye minyororo, likatua kisiwa cha kilomita za mraba 34, likabaki na maana yake, pika, waalike watu, wakumbuke waliokufa. Niliposoma hilo nilimpigia simu mama kumwambia.

Kijiji cha Windward wanaunda mashua za mbao kwa macho, bila michoro, na chombo kikiwa tayari kushuliwa wanachinja na kijiji kizima kinakula, mtu wa Nungwi au Pate hahitaji kuelezewa. UNESCO waliuweka ufundi huo kwenye orodha ya urithi mwishoni mwa 2023, nusu mwaka baadae Beryl ikapita juu yake. Na siku ya kanivali kuna wanaume wanavaa vinyago na joho wanakabiliana njiani wakighani hotuba za Julius Caesar ya Shakespeare kwa kichwa, akikosea mstari anachapwa bakora. Nyerere aliitafsiri tamthilia hiyohiyo kwa Kiswahili. Vitabu vya shule za mkoloni vilienda sehemu nyingi lakini watu wa Carriacou wakavipeleka barabarani wakavipa fimbo.

Chakula je. Chakula cha taifa kinaitwa oil down. Unachukua shelisheli lililokomaa unalikata vipande vikubwa, nyama ya chumvi au samaki wa chumvi, majani ya magimbi, viazi vikuu kama vipo, matonge ya unga, manjano ya kutosha, pilipili nzima juu isipasuke, unamimina tui zito mpaka lifunike, unafunika sufuria na hufunui mpaka tui limekauka limebaki mafuta chini. Shelisheli kwa tui na manjano. Mtu wa Pemba akiwekwa mezani pale huna haja ya kumfundisha, atauliza tu samaki wako wapi zaidi. Kinapikwa nje, kwenye sufuria moja kubwa, na kila jirani analeta kitu chake.

Agosti 2024, wiki sita tu baada ya Beryl, walifanya kanivali yao Spicemas. Alfajiri ya Jumatatu wanatoka Jab Jab, watu wamejipaka oili chafu au molasi mpaka weusi unang'aa, pembe kichwani, minyororo inaburutwa barabarani, magamba makubwa ya kome yanapulizwa. Enzi za utumwa mwenye shamba aliwaita mashetani weusi, wakamvalia ushetani huo mbele ya macho yake na minyororo wakaishika wenyewe. Nchi hiyohiyo imetoa Kirani James, kijana wa Gouyave aliyechukua dhahabu ya mita 400 London 2012 akiwa na miaka 19, na Anderson Peters bingwa wa dunia wa mkuki mara mbili. Mama yake Malcolm X, yule mpigania haki za weusi wa Marekani, alizaliwa huko pia, La Digue, St. Andrew. Kwa watu laki na kitu.

Hati fungani zenye kile kifungu zinaisha 2030. Kaskazini ya Grenada, St. Patrick, Beryl ilipita pia kwenye mashamba, na mkulima aliyetia mche wa kungumanga ardhini mvua zilizofuata ataanza kuokota kokwa zake kama 2031 hivi, kama mche ni jike.